Kioo cha Kushoto cha Tata Polycarpe

Mimi ni mwalimu wa pikipiki, na nina mdomo. Nasema mapema, asije mtu akaniambia baadaye kwamba nilimkemea mzee aliyefiwa. Nilimkemea, tena mara nyingi, na baadhi ya maneno yale nayajutia mpaka leo.

Naitwa Tina. Miaka kumi na saba nilikuwa mchanjaji wa watoto katika mkoa huu wa Lualaba, na kazi hiyo niliifanya juu ya pikipiki, sanduku la chanjo limefungwa nyuma kwa mpira. Nimefika mpaka Musumba wakati wa mvua, kule ambako barabara inakwisha na wewe bado hujafika. Goti liliponishinda nilibaki hapa Kolwezi, nikaanza kufundisha kwenye uwanja wa mpira uliochakaa, nyuma ya kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Wanakuja wauguzi, wakatekista, mama wa sokoni, na vijana wanaotaka kuwa wewa, maana hapa kwetu mwenye pikipiki ya abiria anaitwa hivyo. Wote wanafika wakidhani wanajua. Wanachojua ni kwenda mbio, kusimama hawajui.

Tata Polycarpe Kabasele, na tata kwetu ni baba, alifika mwezi wa tano, asubuhi yenye vumbi, anaisukuma pikipiki yake badala ya kuipanda. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mrefu, shati lake limepigwa pasi, na shavu la kulia lina kidonda kinachoanza kukauka. Baba yake aliletwa kutoka Kasai zamani kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alikaa miaka ishirini na sita kwenye mashine ya kusaga mawe ya madini, na mashine ile ikamharibu masikio. Ukitaka akusikie lazima usimame mbele yake upaze sauti. Kwangu hiyo haikuwa taabu.

Nilimwuliza amepanda pikipiki kwa muda gani. Akasema miaka tisa. Basi kwangu amekuja kutafuta nini? Akalitazama gurudumu la mbele, akasema kwamba mke wake, Laurentine, alifariki mwezi wa kwanza. Sikuona yale mawili yanahusiana vipi. Nikampa pole, nikamwambia awashe.

Vioo havikuwepo. Hapa Kolwezi si ajabu. Mtu akinunua pikipiki mpya, hata mafuta hajatia, anafungua vile vioo viwili vya pembeni, anavitosha kama tunavyosema hapa, anavipeleka nyumbani. Wewa watakwambia vinanasa wanapopenya katikati ya malori. Wengine wanasema vitavunjika, afadhali vikae kabatini vibaki vipya. Nimeingia nyumba ambamo pikipiki ilishakufa na kuuzwa vipande vipande, lakini vioo bado vimo kwenye plastiki yake. Na hao hao wanatumia barabara moja na malori ya tani arobaini, hawaoni kitu nyuma yao. Nikiwaza jambo hilo napandwa na hasira hata nikiwa peke yangu jikoni.

Nilimwambia kesho aje na vioo. Siku hiyo nilipanda nyuma yake, tukatoka kwenye barabara ya kambi taratibu. Kwa kweli mikono yake ilikuwa mizuri. Alishika klachi kwa upole, alikwepa mashimo bila kunirusha, nikaanza kujiuliza mtu huyu anahitaji nini kwangu. Ndipo lori likaja nyuma yetu likapiga honi. Yeye aliendelea katikati ya barabara bila wasiwasi wowote. Nikapiga kelele, hakusikia. Honi ikapigwa tena, karibu kabisa. Nikamshika shati nikamvuta kulia, tukaishia kwenye mchanga wa pembeni, lori likatupita kwa kushoto na kutumwagia vumbi lake lote.

Niliposhuka nilimwambia mambo ambayo mama wa umri wangu hapaswi kumwambia baba wa watu. Alisubiri mpaka nikamaliza. Kisha akasema polepole, wala hakujitetea:

“Mama Tina, nilikuwa nangojea mukono.”

Tuliketi pale kando ya barabara, akanieleza. Tangu siku ya kwanza ya pikipiki ile, Laurentine ndiye aliyekuwa nyuma yake. Walikwenda pamoja misani, sokoni, na hasa shambani kwao, kilomita kumi na nane kwenye njia ya Likasi. Mzee hasikii, vioo vimetolewa, basi mama akawa macho na masikio ya nyuma. Akigusa bega la kushoto, lori linakuja, sogea kulia. Akigusa la kulia, kuna mtu au mbuzi anaingia upande huo. Akipiga mara mbili mgongoni, simama. Na barabara ikiwa tupu, aliweka kiganja chote kati ya mabega na kukiacha hapo. Miaka tisa Tata Polycarpe hakuwahi kugeuza shingo.

Alipozikwa Laurentine, mzee aliwasha pikipiki aende shambani, akafika barabara kubwa, akashindwa kuingia. Alikaa pale mdomoni mwa njia mpaka injini ikapata joto, kisha akarudi nyumbani. Baada ya wiki kadhaa akabuni jambo ambalo lilifanya mtaa umwone amechanganyikiwa. Akimkuta mtu anatembea kwa miguu, anasimama na kumwomba apande bure, mradi tu amguse bega lori likija. Alimbeba mama mwenye magunia ya makaa, akambeba mwalimu wa shule, akabeba mlevi mmoja aliyemgusa bega njia nzima bila sababu. Mwisho akambeba Glodi, mchimbaji wa Kasulo, aliyetoka shimoni alfajiri hajalala. Walipofika kwenye kona Glodi alikuwa amesinzia, kichwa kimelala mgongoni mwa mzee, na Tata Polycarpe aliuhisi uzito ule akaudhani ni kiganja. Lori liliwasukumia mtaroni. Glodi hakuumia hata kidogo. Aliamka ndani ya majani akauliza kama wamefika.

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Tata Polycarpe hakucheka. Habari za mtaro zilifika Lubumbashi kabla shavu halijaacha kutoa damu, na binti yake wa pekee, Darlène, muuguzi kule, alimpigia simu. Alimwambia kwamba mwezi wa nane atakuja kwa likizo. Baba atamchukua kwenye pikipiki mpaka shambani na kurudi. Yeye Darlène akiogopa hata mara moja njiani, pikipiki itauzwa, nyumba itafungwa, na baba atahamia Lubumbashi kwenye chumba cha nyuma cha mkwe wake. Hakuna gari la abiria linaloshusha watu karibu na shamba lile, na shamba lisilolimwa msimu mmoja katika nchi hii ya migodi, msimu wa pili linakuwa na mwenyewe mwingine. Laurentine ndiye aliyelifungua kwa jembe lake. Mzee alisema kwamba nyumbani mke wake amekwisha, hata harufu imetoka kwenye nguo, lakini shambani matuta bado yako jinsi alivyoyapanga.

Basi tulikuwa na miezi mitatu.

Kesho yake alikuja na kioo kimoja, cha kulia. Nikamwuliza cha kushoto kiko wapi. Akasema kimepotea. Nikamwambia kwamba hapa tunaendesha kulia, lori likikupita linatokea kushoto, kwa hiyo kioo alichokileta kitamwonyesha mbuzi na watoto wa shule, na kile kilichopotea ndicho kitakachomwonyesha kifo chake. Akasema atatafuta kingine. Akatafuta, akaja na kioo cha dukani ambacho skurubu yake haikuingia sawasawa. Kilitetemeka hata usingeweza kujua unaona lori au kanisa. Siku iliyofuata alikuja bila hicho.

Tukaendelea hivyo hivyo na mambo mengine. Nilimpanga katikati ya makopo ya nyanya, apite bila kuyaangusha. Nilimfundisha kusimama kwa breki mbili pamoja, asitegemee ya nyuma tu. Nilimpeleka kwenye barabara ya udongo inayomwagiwa maji na lori la kampuni wakati wa kiangazi. Watu wetu wanapenda kulifuata lori hilo mgongoni kwa sababu pale hakuna vumbi, nguo zinabaki safi, na ndipo wanapoteleza wakavunja miguu. Nilimwambia bora kufika mchafu. Alifuata kila nilichosema. Kitu kimoja kilimshinda. Kila alipotaka kuondoka aliteremsha vile vyuma vya nyuma vya kuwekea miguu ya abiria, akatulia kidogo, akingoja pikipiki izame kwa uzito wa mtu. Haikuzama. Ndipo anaondoka.

Mwezi wa saba hakuja siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kwake kambini, nikiwa tayari nimeshapanga maneno ya kumwambia. Nilimkuta mezani, vikombe viwili vya chai mbele yake, kimoja kimenywewa. Aliponiona alikiondoa kile kingine haraka na kusema amejisahau. Aliingia jikoni kuniwekea maji. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi, na ukutani, juu ya meza ndogo yenye kitana na kopo la mafuta ya nywele, kilining'inia kioo cha pikipiki. Cha kushoto. Kimefungwa waya shingoni, kwenye msumari, kwa urefu wa mwanamke mfupi.

Maneno niliyoyapanga yalikuwa mengi. Nikayasema yote. Nilimwita mwongo, nikamwuliza kama anataka Darlène aje kuzika wawili kwa mwaka mmoja, nikasema nimeacha wanafunzi wengine kwa ajili ya mtu anayeficha kioo. Alisimama na bilauri ya maji mkononi mpaka nikanyamaza. Hayo ndiyo ninayoyajutia.

“Bibi alikuwa najiangaliamo kila asubui,” akasema. “Tangu siku nilikitosha ku pikipiki. Nikikitosha na hapa pa ukuta, kutabakia musumari tu.”

Nilikaribia kile kioo. Pembeni, chini, kulikuwa na alama ya kidole chenye mafuta, ukungu mdogo ambao hakuna aliyekuwa ameupangusa. Nami ninaishi peke yangu, mwaka wa kumi na mmoja sasa, na kwangu pia kuna kitu ambacho sitaki mtu mwingine akiguse. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Lakini lori halijui habari za msiba, na kazi yangu ni malori.

“Tata,” nikamwambia, mbele yake, ili asikie vizuri, “myaka kenda ule mama aliangaliaka nyuma yako. Malori inapitiaka ku kushoto. Ndio ile kioo unaficha.”

Nikanywa maji, nikaenda zangu. Njiani nilijilaumu kwamba nimempoteza mwanafunzi.

Asubuhi ya Jumatatu alikuja uwanjani na vioo vyote viwili. Waya ulikuwa bado shingoni mwa kile cha kushoto, hakuukata. Nilikiweka sawa mwenyewe, yeye ameketi, mpaka akaniambia anaona bega lake kidogo na barabara yote iliyobaki. Ile alama ya kidole ilikuwa bado ipo. Nilimwambia lazima apanguse, maana alama kwenye kioo inaweza kuficha gari zima. Akatoa kitambaa mfukoni. Alipangusa katikati yote, akaacha ule ukingo wa chini, pale ambapo hapaonyeshi kitu ila kiwiko chake. Nikaona niache.

Kisha nikamfundisha kama mtoto. Kioo, bega, taa. Unatazama kioo, unageuza shingo kuona kile ambacho kioo hakikionyeshi, unawasha taa ya kugeukia, ndipo unasogea. Kioo ni sekunde moja tu. Ukitazama mbili, kilicho mbele yako kitakuua wakati unatafuta kilicho nyuma. Mwanzoni alitazama mno, nami nikiwa nyuma yake nilijua kwamba hatazami malori. Nilikuwa nimefunga mikono yangu mgongoni mwangu ili nisimguse hata kwa bahati mbaya. Mara mbili nilimwona analegeza bega la kushoto, anaungoja mkono. Niliuma midomo. Mara ya tatu lori lilikuja, akaliona mwenyewe kwenye kioo, akawasha taa, akasogea kulia, likapita. Tukarudi uwanjani. Nilidhani atafurahi. Aliteremka akaenda kusimama upande wa pili wa goli, akanipa mgongo kwa muda mrefu, nami nikajifanya nakusanya makopo.

Darlène alifika Ijumaa ya pili ya mwezi wa nane. Ni mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, kwa sababu ya kulelewa na baba asiyesikia, nadhani. Jumamosi asubuhi alikuja na helmeti mpya aliyoinunua Lubumbashi, akanisalimu kwa heshima, kisha akaniambia kando kwamba ameshampangia baba kitanda. Hakulisema kwa ubaya. Alisema hapati usingizi kwa sababu yake. Nilimwambia apande tu, na mimi nitafuata nyuma kwa pikipiki yangu, goti lipende lisipende.

Tata Polycarpe aliteremsha vyuma vya miguu, akangoja. Safari hii pikipiki ilizama. Nilimwona akifumba macho mara moja, akafumbua, akatazama vioo, akaondoka.

Njia ya Likasi Jumamosi imejaa. Malori ya madini yanatoka, malori ya asidi yanaingia, na katikati yake wewa wenye abiria wawili wawili. Mzee alikaa upande wake, mwendo mmoja, bila kupenya popote. Darlène alimshika kiunoni kwa mikono miwili, mgongo umekakamaa. Kilomita ya kumi, kwenye mteremko, nikaona kwenye kioo changu lori refu linashuka kwa kasi. Likanipita, na nikajua kwamba sasa ndiyo ile saa. Darlène alisikia mngurumo, akageuza kichwa, akaliona. Mkono wake wa kushoto uliachia kiuno ukainuka kwenda begani mwa baba yake. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa amemwona mama yake akifanya hivyo miaka yote.

Kabla mkono haujafika, taa ya kulia ilikuwa inawaka. Mzee alikuwa tayari pembeni, ameachia gesi kidogo, ametulia. Lori likapita na upepo wake. Ule mkono ulibaki hewani hivi, haukujua uende wapi. Kisha ukashuka, ukafunguka, ukalala kati ya mabega yake, kiganja chote.

Nilipofika shambani Darlène alikuwa ameshavua helmeti na analia bila kujificha, anatazama matuta. Baba yake alikuwa bado ameketi juu ya pikipiki, injini imezimwa. Nilimsogelea kwa mbele, kama ilivyo lazima, nikamwambia amefaulu, kwamba sijaona mtu akisogea vizuri namna ile mwaka huu wote. Hakuniangalia.

“Niliona lori kabla ya mukono kufika,” akasema. “Mama Tina, mukono ilifika, na mi sikukuwa tena na lazima yake.” Akashusha pumzi. “Sasa ndio nimebakia peke yangu.”

Nilimfundisha miezi mitatu asihitaji kitu kile, na amenisikiliza. Nilisimama pale nimeshika usukani wake hadi alipotaka kushuka.

Darlène alikiri kwamba hakuogopa hata mara moja njiani, na ni mtu wa neno lake. Siku ya Jumanne alipanda basi la Lubumbashi peke yake. Ile helmeti mpya aliiacha kwa baba. Alinipigia simu kutoka kituoni kuniomba niwe napita kwa mzee mara kwa mara, nami nikasema napita.

Mvua zimeanza. Kila Jumamosi saa moja asubuhi Tata Polycarpe anapita mbele ya uwanja wangu, jembe limefungwa kwenye kiti cha nyuma. Vyuma vya miguu vimekunjwa. Kwenye mdomo wa barabara kubwa anasimama kabisa, mguu mmoja chini, jinsi nilivyomfundisha. Anatazama kushoto, anatazama kulia. Kisha anatazama kioo cha kushoto, kile cha Laurentine, sekunde moja, mbili, tano, barabara tupu pande zote, hakuna lori wala mtu. Zamani ningempigia kelele. Sasa nasimama na makopo yangu mkononi nangoja, mpaka amalize kutazama, awashe taa, aende.